Nipe Kile

Nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi haikosi mtihani. Mgeni akishakaribishwa, akishapewa kiti na maji, mmoja wa watoto wa nyumba atataka kumwonyesha maendeleo ya mzee. Atachukua kijiko, au kikombe, au chochote kilicho karibu, atakiinua mbele ya macho ya mgonjwa na kuuliza kwa sauti ya juu, utadhani kilichoharibika ni masikio: "Babu, hiki nini?" Babu anakitazama. Anakijua, uso wake unasema hivyo. Midomo inafunguka, inatoka "ki... ki...", halafu "kile, nanihii", halafu kichwa kinatikiswa, basi. "Kijiko, babu. Haya sema, ki-ji-ko." Babu anasema kijiko, wote wanafurahi. Dakika tano baadaye kijiko kinainuliwa tena na neno halipo.

Mgeni huyohuyo, alipokuwa akiingia, alisema "Shikamoo, babu," akajibiwa "Marahaba, mwanangu, hujambo?" bila kukwama popote. Moja mpaka kumi babu anahesabu. Alhamdu anaisoma yote, au Baba Yetu, kutegemea nyumba. Ukimwanzishia wimbo wa jandoni anaupokea. Hapo ndipo minong'ono huanza uani. Mbona salamu anaiweza? Mbona sala anaimaliza? Wapo watakaosema anajifanya, na wapo watakaosema kuna mtu kamfunga ulimi. Maneno yote mawili ni mabaya, ila la kwanza ni baya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu la pili humtafuta adui nje ya nyumba na la kwanza humpata palepale kitandani.

Wala tusidhani kwamba habari za kufungwa ulimi ni za watu wa mashamba. Gerry Mshana na wenzake walipowauliza watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kiharusi kinatoka wapi, na kuchapisha majibu yao mwaka 2008, mji ndio uliotaja zaidi majini na uchawi. Watu wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo.

Jibu la swali la uani ni hili. Salamu, hesabu na sala zimesemwa mara elfu kwa mpangilio uleule, hata zikawa zinatoka kwa mazoea, kipande kizima kwa pamoja. Hakuna kinachotafutwa. Jina la kitu kilichoinuliwa juu bila sababu lazima litafutwe peke yake, na njia ya kulifikia, ambayo kwa watu wengi hupita upande wa kushoto wa ubongo, imeharibika. Neno halijafutika. Jana lilikuja lenyewe alipokuwa akimgombeza kuku, leo linaitwa na haliitiki. Madaktari huita hali ya kuharibika kwa lugha namna hii afasia, na ule upande wake wa kuponyokwa na majina huuita anomia. Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupata afasia kwa kiwango fulani.

Vitabu vya elimu hii hupenda kuanza na mgonjwa mmoja wa hospitali ya Bicêtre, nje kidogo ya Paris. Kwa miaka 21 aliyoishi humo hakuweza kusema ila silabi moja, "tan", aghalabu mara mbili mfululizo, na hospitali nzima ikamwita hivyohivyo, Tan. Alifariki Aprili 1861. Daktari wa upasuaji Paul Broca akauchunguza ubongo wake, akakuta pameharibika upande wa kushoto, mbele, na kuanzia hapo wanasayansi wakajua pa kutazama. Jina la ukoo la mtu yule, Leborgne, lilibaki vitabuni. Majina yake yote, Louis Victor, pamoja na kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya kulazwa, vilikuja kujulikana mwaka 2013 tu, pale mtafiti wa Poland Cezary Domański alipozifukua kumbukumbu za zamani. Alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za mbao ambazo washona viatu hushonea juu yake. Kwa miaka 152 dunia ya wasomi ilijua silabi yake na haikujua kazi yake. Sisemi kwamba angepona kwa kurudishiwa patasi. Ila nashangaa kwamba katika vyote vilivyoandikwa juu ya mtu yule, hilo ndilo lililokuja mwisho.

Fani inayoanza na kazi ndiyo tiba kwa vitendo. Chama chake cha kwanza Marekani kiliundwa mwaka 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, New York, nyumbani kwa George Barton, msanifu majengo aliyepooza upande wa kushoto na ambaye alijirudisha mwenyewe kwa bustani na useremala. Kwetu Tanzania fani hii inafundishwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Watu wengi huichanganya na mazoezi ya viungo, na si ajabu, maana chumba mara nyingi ni kimoja na mgonjwa ni yuleyule. Tofauti ipo kwenye swali. Wa mazoezi ya viungo atauliza mkono unainuka mpaka wapi. Wa tiba kwa vitendo atauliza: kabla hujaugua, ukishaamka asubuhi, ulikuwa unafanya nini? Na katika hayo, unataka lipi lirudi kwanza?

Tuwe wakweli hapa: kulitafuta neno lililopotea ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya lugha na usemi kwanza. Lakini wataalamu hao katika Afrika Mashariki ni wachache mno. Makerere, mmojawapo wa milango ya mwanzo ya kuwafundisha, ulifunguliwa mwaka 2008 tu. Mgonjwa wa Nachingwea au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, akionana na mmoja wao, aghalabu ni baada ya safari ndefu ya basi. Kwa hiyo mtu wa tiba kwa vitendo, au nesi, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye baiskeli, ndiye anayejikuta uso kwa uso na babu wa kijiko. Na mimi nadhani, kwa tatizo hili hasa, hajafika na mikono mitupu.

Tumchukue bibi mmoja wa Ruangwa. Simpi jina kwa kuwa si mtu mmoja. Mkono wa kulia umelegea na hauhisi moto, majina yanampotea, akili timamu. Alipoulizwa anataka nini kirudi kwanza, alionyesha uani, kwenye majivu: kubangua korosho. Ni Novemba, korosho zipo, na wajukuu wanazila mbichi kwa kukosa wa kuwasimamia.

Jambo la kwanza mtaalamu atakalofanya ni kumkatalia sehemu ya kazi. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na kwenye bati huwaka ghafla na moshi wake ni mkali. Mkono usiohisi moto hauna biashara pale. Bibi atakaa kwenye kigoda upande upepo unakotokea. Mjukuu ndiye atakayechoma, na bibi ndiye atakayeelekeza. Mpangilio huu unalinda mkono, na tena unadai maneno. Korosho zinaungua, mjukuu hajui pa kuanzia, na mwenye kujua ni mmoja tu. Hakuna anayeinua kijiko kupima maendeleo ya mtu. Neno linahitajika kwa sababu kitu kinahitajika.

"Leta lile... lile la..." Mkono wa kushoto unachora matundu hewani. Mjukuu analeta bati lililotobolewa. Kazi imekwenda, na jina la bati halijasemwa. Hapa ndipo ujuzi unapotofautiana na huruma. Mwenye huruma angesema "bati, bibi, sema bati" na mtihani ungerudi palepale. Mwenye ujuzi anaacha korosho ziingie motoni, halafu anauliza la pembeni: hili tulilitoboa kwa nini? Lilikuwa la nini kabla? Lilikuwa juu ya nini? La nyumba. La paa. Mara mtu anasikia "bati" limetoka, katikati ya sentensi ya kulalamikia paa linalovuja, na hakuna aliyeliomba. Mary Boyle na Carl Coelho waliandika huko Marekani mwaka 1995 juu ya mbinu ya namna hii: badala ya kulikabili jina, mgonjwa anaongozwa kulizunguka, kitu ni cha kundi gani, kinafanya nini, kinakaa wapi, kinafanana na nini. Wao walitumia karatasi yenye picha katikati. Uani kwa bibi karatasi haihitajiki, kila kitu kimeshazungukwa na vya jirani zake.

Kiswahili nacho kina njia zake za mkato, na mtaalamu aliyezaliwa nacho anazo mdomoni tayari. Wagonjwa wengi wa anomia hupotewa na majina ya vitu huku vitenzi vikiwa na nafuu. Basi muulize bibi tunafanya nini na hayo maganda: tunafagia. Tunafagia kwa...? Ufagio huo, unakuja. Tunafunika kwa kifuniko, tunafungua kwa ufunguo, tunaziba kwa kizibo. Jina limezaliwa na kitendo, na anayekishika kitendo anaweza kuvutwa mpaka kwenye jina. Kwa vitu visivyo na mzazi wa namna hiyo kuna wenzi: kinu na...? Mchi. Uzi na...? Wakati mwingine nusu ya pili hutoka yenyewe, kwa njia ileile ya marahaba.

Lipo jingine ninalolipenda zaidi. Mwaka 1995 William Badecker na wenzake walimwandika mgonjwa mmoja Mwitalia ambaye neno likimponyoka, bado aliweza kusema kisarufi ni la kike au la kiume. Jina limekwenda, sarufi yake imebaki. Kiitalia kina jinsia mbili tu. Sisi tuna ngeli, na kila kiashiria tunachotamka kinatoa habari. Bibi akisema "nipe ule", hakusema kile, wala lile, wala ile. Ikiwa ngeli yake imesalimika, mjukuu mwenye masikio hataleta kikombe wala jembe. Atatazama kama kuna ungo, ufagio, upawa, mwiko. Familia nyingi hufanya hivi kila siku bila kujua zinafanya nini. Halafu mgeni akija, zinarudi kwenye kijiko.

Nimeutazama mtihani mmoja maarufu duniani wa kupima tatizo hili la kuponyokwa na majina, ule wa Boston wa mwaka 1983. Ni michoro 60 inayotakiwa kutajwa majina, kuanzia myepesi hadi migumu. Kitanda kimo, sawa. Humo humo kuna kinubi, asparaga, na nyumba ya barafu ya watu wa ncha ya kaskazini. Mzee wa Nachingwea asiyeitaja nyumba ya barafu hana ugonjwa wowote. Watafiti wa Hai walikutana mapema na shida ya vipimo vya namna hii, walipokuwa wakipima upotevu wa kumbukumbu uzeeni. Kati ya watu wa miaka 70 na zaidi waliowachunguza huko walikuta asilimia 6.4 wana ugonjwa wa aina hiyo. Kipimo kifupi kilichozaliwa na kazi ile hakina michoro. Mzee anaombwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, aeleze daraja ni kitu gani, apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Njiti za kiberiti! Zipo kila nyumba, na hazimwaibishi asiyewahi kushika kalamu.

Huko Hai walikwenda mbele zaidi. Tiba ya vikundi iliyobuniwa Uingereza na Aimee Spector na wenzake, ya wazee wenye upotevu wa kumbukumbu, iligeuzwa ifuate maisha ya Kilimanjaro: vikao 14 katika wiki 7, wazee wamekaa pamoja, wanazungumza na kufanya mambo wanayoyajua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 na yalikuwa mazuri. Nakiri tofauti: wale walikuwa na ugonjwa unaoongezeka polepole, na babu wetu kapigwa mara moja na kiharusi, tiba ya huyu si ya yule. Kinachofaa kuchukuliwa ni ujasiri wa kubadilisha mada. Ningepewa kupanga vikao kama hivyo Nachingwea, ningeanza na reli. Wazee wa pale wanaijua habari ya reli iliyotoka Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, uliotangazwa kwa mbwembwe mwaka 1947 na kutupwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikang'olewa baadaye. Wanakumbuka kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na siku ambazo kiongozi wao Samora Machel alikuwa akipita. Wanajua ming'oko huchimbwa wapi na nguruwe hushambulia muhogo saa ngapi. Ruangwa ningeongeza timu yao ya mpira, Namungo, na hapo sidhani kama kikao kingefungwa kwa wakati.

Kwa lugha gani? Swali hili hupitwa haraka mno. Wazee wengi wa wilaya hizi mbili walijifunza kusema kwa Kimwera, au Kimakua, au Kiyao. Kiswahili kikafuata, na kwa baadhi yao kikawa lugha ya maisha yote ya nje ya nyumba. Kiharusi kikipiga, ipi inabaki? Mfaransa Théodule Ribot alifundisha mwaka 1881 kwamba cha kale hudumu kuliko kipya. Mwenzake Albert Pitres akasema mwaka 1895 kwamba hurudi kwanza lugha iliyokuwa ikitumika zaidi karibu na siku ya ugonjwa. Hospitali za dunia zimejaa wagonjwa wa kumthibitisha Ribot na wengine wa kumthibitisha Pitres. Mtaalamu aliyetoka Moshi, anayempima bibi kwa Kiswahili peke yake, anaweza kuandika kwenye faili kwamba maneno hayapo, wakati yapo chumba cha pili. Tiba ya kosa hilo ni rahisi: dada mdogo wa bibi aitwe, akae, amsemeshe kwao.

Na hapa linakuja jambo linalonisumbua. Mtoto wa bibi yuko Mbagala, Dar es Salaam, kama walivyo watu wengi wa kusini. Akisikia mama kapooza anatuma nauli, kwa upendo kabisa: aje mjini, huku kuna hospitali kubwa. Ni kweli, zipo, na kwa siku za mwanzo huenda uamuzi huo ukaokoa maisha. Lakini miezi ikipita, bibi yuko kwenye chumba cha kupanga, juu ya kochi, mbele ya televisheni. Hakuna ungo, hakuna moto wa kuni, hakuna kuku wa kumgombeza. Mkwe anampikia na kumhurumia. Mara mbili kwa mwezi anapelekwa kliniki na siku zilizobaki hana analodaiwa na mtu. Nisingethubutu kumwambia mtoto yule amrudishe mama Ruangwa, mbali na daktari. Ningemwambia tu kwamba anapopiga hesabu ya faida za mji, na uani uingie kwenye hesabu.

Huku kusini kuna kazi nyingine isiyoonekana kwenye fomu yoyote ya hospitali. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde hufuata ukoo wa mama, na mjomba ni mtu mwenye kauli. Posa ikija, mjomba anasikilizwa. Mpwa akienda jandoni, mirathi ikigombewa, ndoa ikiyumba, mjomba anaitwa. Ukimuuliza mtu huyo anafanya kazi gani atakujibu mkulima, na ni kweli, ila nusu ya kazi yake ameifanya akiwa amekaa kwenye mkeka. Afasia ikimpata, jembe linaweza kurudi na kauli isirudi. Kwa heshima kabisa, watu huacha kumwita. "Mjomba asisumbuliwe, mgonjwa." Posa inajibiwa na mdogo wake, mjomba mwenyewe anaambiwa jioni.

Mtaalamu anayejua kazi yake ataiandika posa kwenye mpango wa tiba kama anavyoandika kuvaa shati. Zitachaguliwa sentensi mbili tatu ambazo mjomba lazima azitamke mwenyewe, zifanyiwe mazoezi kila siku mpaka zianze kutoka kwa mazoea. Yaliyobaki atayasema mpwa aliyeketi ubavuni, kwa sharti kwamba kila baada ya maneno kidogo amgeukie na kumuuliza kama ndivyo. Na hapo kuna mtego unaowapata wengi: mtu mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" huku akikusudia "hapana", na asigundue, au agundue ashindwe kuirudisha. Kwenye posa hilo si jambo dogo. Kwa hiyo swali huulizwa kwa pande zote mbili. Mjomba, tunakubali? Mjomba, tunakataa? Kidole gumba juu, kidole gumba chini, na uso utazamwe kabla ya mahari kupokelewa. Huko Toronto, Aura Kagan amejenga mafunzo mazima juu ya jambo hili: wafundishwe wanaozungumza na mgonjwa, wala si mgonjwa peke yake. Aonyeshwe wazi kwamba wenzake wanajua kuwa anajua, apewe muda, picha, ishara, na alichosema kirudiwe kuhakikisha. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001, na waliofundishwa hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kujitolea.

Mkono wa kulia nao una mambo yake kwenye mkeka ule. Kiharusi kinachochukua maneno mara nyingi huchukua na upande wa kulia wa mwili, na mtu mzima wa pwani au wa bara hapendi kula kwa kushoto mbele za watu, sembuse kupokea kitu kwa kushoto. Wapo wanaokaa na njaa kwenye shughuli kwa sababu hiyo. Kijiko kinasaidia, ikiwa kimeacha kutumika kwa mtihani.

Sitaki mtu afikiri kwamba nasifu uani ili serikali ipumzike. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016, yaliyokusanya majaribio 57 na watu 3,002 wenye afasia, yalionyesha kwamba tiba ya usemi inasaidia watu kuwasiliana, na kwamba wingi wa saa una maana. Saa hizo hazipatikani kwa ziara moja ya mtaalamu kwa msimu, na anayezitoa bila mafunzo, kwa bidii na upendo, anaweza kuzimaliza zote akiinua kijiko. Na kabla ya hayo yote kuna presha, ambayo hupimwa kwa kifaa kidogo na kutibiwa kwa vidonge vya kila siku, na ambayo watu wengi huigundua siku mdomo ulipokwenda upande. Watafiti wa kiharusi waliofuatilia watu wa Dar es Salaam na Hai kati ya 2003 na 2006 walihesabu wagonjwa wapya 107.9 mjini na 94.5 kijijini kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kijiji hakikuwa nyuma sana. Dawa za presha zikikosekana kwenye zahanati, tunazalisha wenye kutafuta maneno kwa kasi kuliko tunavyoweza kuwasaidia.

Mshairi wa Uswidi Tomas Tranströmer alipata kiharusi mwaka 1990. Upande wa kulia ukapooza na usemi wake karibu wote ukaondoka. Aliendelea kupiga piano kwa mkono wa kushoto, watunzi wakamwandikia vipande vya mkono huo mmoja, mkewe Monica akawa msemaji wake. Mwaka 1996 alitoa kitabu kipya, na mwaka 2011 akapewa Nobeli. Huwa namtaja kwa tahadhari, maana ndugu wa mgonjwa akisikia Nobeli anaanza kudai miujiza. Ninachomtajia ni piano. Mtu yule alikuwa na shughuli ya siku nzima isiyomtaka aseme, na pembeni yake palikuwa na mtu aliyejua kungoja.

Kwa mkulima wa Ruangwa au Nachingwea mahali pasipongoja ni kwenye mizani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza msimu wa 2007, korosho hupelekwa chama cha msingi, hupimwa, hupangwa daraja, hupelekwa ghala, hunadiwa, na malipo hufuata baadaye. Kila hatua ina karani, na kila karani ana foleni. Mzee mwenye afasia anasimama na magunia yake matatu, anajua kabisa kwamba yamepunjwa, na kinachotoka ni "ile... ile..." Wa nyuma wanaguna. Mtoto wake anamvuta mkono: baba, twende. Anakwenda, na mwaka unaofuata anamtuma mtoto. Nimesema tiba kwa vitendo huanza na kazi. Kwa mwanamume huyu kazi ni hiyo, kusimama kwenye mizani yake mwenyewe, na hakuna mazoezi ya kutaja vikombe yatakayomfikisha pale.

Kinachoweza kumfikisha ni kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja, iliyoandaliwa nyumbani naye akiwepo, mwandiko mkubwa, na mchoro mdogo pembeni kwa sababu huenda kusoma nako kumeharibika. Mstari wa juu unasema: nimepata kiharusi, naelewa unachosema, nipe muda. Chini yake jina na namba ya usajili. Kisha gunia, mizani, daraja la kwanza, daraja la pili, na maneno "pima tena", ambayo atayawekea kidole mara nyingi kuliko mengine yote. Inafanyiwa mazoezi barazani kwa magunia ya kweli, mjukuu akiwa karani mkorofi, kabla ya kupelekwa chamani. Katibu wa chama aambiwe mapema, siku isiyo na foleni. Bei haiandikwi kwenye kadi. Inabadilika kila mnada, na hiyo ataiuliza mwenyewe: "Shilingi ngapi?" ni maneno ambayo ameyasema maisha yake yote, na wiki ya tatu ya mazoezi yanaweza kuwa yanatoka bila kusukumwa.